Nani Anafanya Utafiti wa Angani? Vyumba vya Uongozaji, Kituo cha Anga na Msitu wa Chome

Anayekaa nje jioni mjini Same, au juu huko Mbaga na Vudee, akikuta anga halina mawingu, kuna siku ataona nukta nyeupe kali ikivuka mbingu bila kumetameta kwa dakika tano au sita, kisha ikizimika ghafla inapoingia kwenye kivuli cha dunia. Hicho ni Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kiko kilomita 400 hivi juu yetu, kinaizunguka dunia mara moja kwa kila dakika 92 au 93, na tangu Novemba 2, 2000 hakijawahi kukosa watu ndani yake.

Maswali yanayofuata ni yaleyale kila mara. Ndani mna nani? Wanafanya nini? Wanatuona? Majibu yanayozunguka vijiweni na kwenye simu ni mawili, na yote mawili yamepinda. La kwanza linasema wanasayansi wako huko juu, na walio chini kazi yao ni kupokea taarifa tu. La pili linasema huko juu hakuna la maana, kila kitu kinaendeshwa na kompyuta za Marekani, na wanaanga ni wa kupigwa picha.

Mkanganyiko huu ungeweza kuachwa upite kama usingegusa masilahi ya watu. Lakini miti ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome, inayouzunguka mlima Shengena wilayani Same, imekuwa ikipimwa urefu na chombo kilichofungwa kwenye kituo hichohicho. Na tangu Tanzania ilipotunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, urefu wa mti umeanza kuwa na bei. Kijiji kinachopakana na msitu kina haki ya kujua ni nani hasa aliyepima, kwa amri ya nani, na ni wapi kipimo hicho kinaweza kukosea.

Makala haya yanatetea hoja moja: utafiti wa kituo cha anga ni kazi ya ardhini inayoazima mikono michache huko juu. Ukilielewa hilo, swali la Watanzania, na la Wapare wa Same hasa, linabadilika kabisa.

Asili: daktari wa Tunguu

Afrika Mashariki haikuingia katika habari hizi jana. Mwaka 1960 Marekani na Uingereza zilikubaliana kujenga Zanzibar kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury, mradi wa kwanza wa Marekani wa kumpeleka mtu angani. Mitambo ikasimamishwa Tunguu, Unguja. Wananchi wengi hawakuamini kwamba ni kazi ya sayansi. Chama cha Hizbu kiliandamana kikipinga, kwa hofu kwamba kituo kingegeuzwa ngome ya makombora na kuifanya Zanzibar shabaha katika ugomvi wa wakubwa. Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Vita Baridi vilikuwa vimepamba moto, na wenyeji hawakuwa wameulizwa.

Ila kilichofanyika Tunguu kilikuwa utafiti kweli. Februari 20, 1962 mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia ndani ya chombo cha Friendship 7 na kufika eneo la Zanzibar, daktari aliyekuwa zamu kituoni alichukua redio na kuzungumza naye kuhusu afya yake. Glenn alifanya zoezi la kuvuta mpira maalumu mara moja kila sekunde kwa sekunde 30. Mapigo ya moyo yakapanda kutoka 80 hadi 124 kwa dakika, kisha yakarudi 84 baada ya muda mfupi. Wakati huo hakuna aliyekuwa na uhakika kama moyo wa mtu asiye na uzito ungetulia baada ya kazi. Jibu lilipatikana kwa sababu kulikuwa na mtu chini wa kuuliza, wa kusikiliza na wa kuandika.

Kuna jambo dogo katika historia hiyo ambalo halipaswi kupita hivihivi. Kituo cha Zanzibar kiliruhusiwa kupokea vipimo na kuzungumza, lakini hakikuwa na mitambo ya kutuma amri kwa chombo. Vituo vyenye uwezo huo vilikuwa kwingine, kama Bermuda, Hawaii na Muchea huko Australia. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kilifungwa, na kazi yake ikahamia Madagaska.

Udhaifu wa mtandao huo ulikuwa ukimya. Kila kituo kilimwona mwanaanga kwa dakika chache tu, kisha akapotea hadi afike upeo wa kituo kingine. Hata Skylab, kituo cha anga cha Marekani cha mwaka 1973, kiliwasiliana na ardhi vipande vipande hivyohivyo. Hali ilibadilika kuanzia mwaka 1983, Marekani ilipoanza kurusha setilaiti za kupokezana mawasiliano, zilizo juu sana, ambazo huiona karibu njia yote ya chombo kilicho chini yao. Leo sauti, picha na vipimo kutoka kituo cha anga hupanda kwanza hadi kwenye setilaiti hizo, kisha hushuka kwenye antena za White Sands huko New Mexico na za Guam. Kimya kimebaki cha dakika chache. Ujio wa setilaiti hizo ndio uliozidisha mvutano wa nani aamue, tutakaouangalia hapa, maana mtu unayeweza kuzungumza naye muda wote ni mtu unayeweza kumwamuru muda wote.

Mtazamo wa kwanza: ardhi ishike usukani

Wengi wanaijua Houston. Chumba cha uongozaji kilichoko huko hulinda uhai wa kituo: umeme, hewa, mwelekeo, usalama wa watu. Wachache wanaijua Huntsville, Alabama, ambako tangu mwaka 2001 kuna kituo kingine kinachofanya kazi usiku na mchana, sikukuu na siku za kawaida, kwa ajili ya utafiti peke yake. Warusi wana chumba chao Korolyov, karibu na Moscow. Maabara ya Ulaya huongozwa kutoka Oberpfaffenhofen, Ujerumani, na ya Wajapani, iitwayo Kibo, kutoka Tsukuba. Kanada nayo ina waongozaji wake wa mkono wa roboti. Chini ya Ulaya kuna vituo vidogo zaidi vya fani mbalimbali: Trondheim nchini Norwei walizoea majaribio ya mimea, Toulouse nchini Ufaransa ya mwili wa binadamu, Brussels ya jua na anga.

Siku ya mwanaanga hupangwa na hawa. Kwenye kompyuta yake kuna ratiba iliyokatwa vipande vidogo kabisa, vya hadi dakika tano, na mstari mwekundu unaotembea kuonyesha saa ilipofika. Mstari ukimpita kabla hajamaliza, amechelewa, na kila mtu huko chini anaona. Kila jaribio lina maelekezo yaliyoandikwa miaka kabla na kujaribiwa kwenye nakala ya chombo iliyoko ardhini. Pipa lipi lifunguliwe, sindano ipi ichukuliwe, picha ipigwe kutoka upande gani: yote yameandikwa.

Sababu ya ukali huo ni uhaba. Kwa miaka mingi lengo la upande wa Marekani na washirika wake lilikuwa saa 35 za utafiti kwa wiki kwa wanaanga wote wa upande huo kwa pamoja. Muda mwingine huliwa na usingizi, mazoezi ya lazima ya kuzuia mifupa na misuli isidhoofike, na matengenezo ya nyumba ambayo haiishi kuharibika. Saa hizo chache zinagombewa na majaribio mengi mno kutoka nchi nyingi. Mpare atakayetaka kuielewa Huntsville aifikirie ndiva, bwawa la jadi la kumwagilia: maji ni yaleyale, mashamba ni mengi, zamu imepangwa na wenye dhamana, na anayekosa zamu yake hana wa kumlaumu ila anasubiri.

Nguvu ya mtazamo huu ni kwamba mwanaanga mmoja hawezi kuwa bingwa wa moto, wa damu, wa mimea na wa fuwele kwa siku moja. Bingwa yuko chini, na anapoona picha zikiwa bado za moto anaweza kusema kwa redio, simama, hapo pana mapovu. Bila mtu huyo jaribio la miaka mitano huharibika kwa dakika mbili.

Udhaifu wake upo pia, na ni mkubwa kuliko waongozaji wengi wanavyopenda kukiri. Kwanza, chumba cha uongozaji ni jengo kama majengo mengine. Julai 25, 2023 umeme ulikatika kwenye jengo la Houston, mawasiliano ya kawaida na kituo yakapotea, na wanaanga wakapewa taarifa kupitia mitambo ya Warusi katika muda wa dakika 20. Mfumo wa akiba uliwashwa na hakuna aliyedhurika, lakini somo lilionekana: mamlaka yakirundikwa mahali pamoja, na hatari hurundikana hapohapo. Pili, ratiba inaweza kumchosha mtu hadi akaacha kufaa kwa kazi. Wanaanga watatu wa mwisho wa Skylab, waliorushwa Novemba 1973, walibebeshwa kazi kwa kasi ya timu iliyowatangulia, ambayo ilikuwa tayari imezoea. Walianza kukosea. Desemba 30 wao na waongozaji walizungumza kwa kirefu na kwa uwazi, kazi ndogo ndogo zikaondolewa kwenye saa na kuachwa zifanywe watakapopata nafasi, na baada ya hapo tija ikapanda. Watu hupenda kukiita kisa hicho mgomo. Hakikuwa mgomo. Yalikuwa mazungumzo ya kazi yaliyochelewa.

Mtazamo wa pili: aliye juu aamue

Kinachoitetea hoja ya pili vizuri kuliko yote ni ua. Mwishoni mwa mwaka 2015 wanaanga walikuwa wakikuza maua ya zinia kwenye kibustani kiitwacho Veggie. Unyevu ulizidi, majani yakaanza kuvujisha maji na kujikunja, kisha ukungu ukaingia. Kutoka chini iliamriwa feni iongezwe kasi. Upepo ukawa mwingi na mimea ikaanza kukauka. Mwanaanga Scott Kelly alipoona hivyo alitaka kumwagilia, lakini ratiba ilikuwa bado haijafika siku ya kumwagilia. Akawaambia waongozaji kwa maneno ya mkulima: anayelima huiangalia mimea, na ikionekana ina kiu huinywesha.

Walichofanya walio chini kinastahili sifa. Hawakumrudishia maelekezo marefu zaidi. Walimwandikia karatasi moja tu ya kanuni za jumla za kuitunza zinia, wakamkabidhi bustani. Januari 2016 ua likachanua.

Nguvu ya mtazamo huu ni macho. Kamera haishiki udongo. Tena safari zijazo zitaulazimisha. Redio huchukua zaidi ya sekunde moja kufika mwezini, na hilo linavumilika. Kufika Mirihi huchukua kati ya dakika tatu na zaidi ya dakika 20, kutegemea sayari ziko wapi, na jibu linahitaji muda huohuo kurudi. Hakuna daktari wa Tunguu atakayemfaa mgonjwa wa Mirihi.

Ila wanaoupenda mtazamo huu husahau kitu. Kelly alifanikiwa kwa ua moja lililokuwa mbele ya macho yake, na chini kulikuwa na mimea ya kulinganishia, iliyopandwa Florida katika mazingira yanayokaribiana. Mwanasayansi anapotaka kujua kama tofauti aliyoiona imetokana na kukosa uzito au na mkono wa mmwagiliaji, uhuru wa mmwagiliaji humharibia hesabu. Uhuru ukiokoa mmea, kipimo kinaweza kupoteza usafi wake. Hili ni badilishano la kweli, na halina suluhisho moja linalofaa kila jaribio.

Mtazamo wa tatu: chombo kisichohitaji mtu

Sehemu kubwa ya sayansi ya kituo cha anga leo haimgusi mwanaanga kabisa. Maabara ya atomi baridi, iliyopelekwa mwaka 2018, huendeshwa na watafiti wakiwa Pasadena, California. Chombo cha AMS cha kunasa chembe za anga za mbali, kilichofungwa Mei 2011, huongozwa kutoka Geneva. Desemba 2012 kituo kizima, zaidi ya tani 400, kiligeuzwa mwelekeo ili chombo cha kuchunguza jua, kilichokuwa kikisimamiwa na Brussels, kiweze kulifuatilia jua hadi limalize mzunguko wake mzima. Ilikuwa mara ya kwanza kituo kugeuzwa kwa ajili ya sayansi.

Faida yake inaonekana haraka: mashine hailali, haihitaji mazoezi, na saa zake hazitoki kwenye zile 35. Lakini AMS yenyewe inaonyesha mpaka wa hoja hii. Pampu zake za kupooza zilipoanza kufa, hakuna amri ya redio iliyoweza kuziponya. Kati ya Novemba 2019 na Januari 2020 wanaanga wawili walitoka nje mara nne wakakata mabomba na kuunga mapya, kwa zana zaidi ya 20 zilizobuniwa ardhini kwa kazi hiyo. Mashine ilijiendesha miaka minane, kisha ikaokolewa na mikono ya watu, na mikono ile ikaongozwa hatua kwa hatua na sauti ya chini. Mitazamo yote mitatu ilikutana kwenye bomba moja.

Chome chini ya leza

Turudi Same, kwa sababu chombo kinachotuhusu kiko kwenye kundi hili la tatu. Kinaitwa GEDI. Kilirushwa Desemba 2018 na kufungwa nje ya maabara ya Kibo. Watafiti wake wanaongozwa na Chuo Kikuu cha Maryland pamoja na kituo cha Goddard cha NASA, shirika la anga la Marekani. Hutuma chini mapigo ya leza mara 242 kwa sekunde. Kila pigo hutua kwenye duara la mita 25 hivi. Sehemu ya mwanga hugonga majani ya juu, nyingine matawi ya kati, nyingine udongo, na tofauti ya muda wa kurudi huonyesha urefu wa miti na jinsi msitu ulivyojipanga kutoka kileleni hadi chini. Mwanaanga hahusiki. Hajui hata kwamba dakika hiyo anapita juu ya Bombo, huku Same.

Sasa tazama duara moja la mita 25 kwenye mteremko wa Shengena. Mteremko ukiwa wa nyuzi 30, ukingo mmoja wa duara uko juu ya ukingo wa pili kwa mita 14 hivi. Udongo wa upande wa juu na majani ya upande wa chini hurudisha mwanga kwa wakati mmoja, na kompyuta hulazimika kukisia kipi ni ardhi na kipi ni mti. Mkulo mkubwa, mti uliowahi kupasuliwa kwa siri humu kwa miaka mingi kwa sababu ya thamani ya mbao zake, hufika mita 35. Kwa hiyo kosa la mteremko peke yake linaweza kukaribia nusu ya mti. Ongeza kwamba mahali duara lilipotua panajulikana kwa usahihi wa mita kama 10 tu. Ongeza mawingu, ambayo leza haiyapenyi, na upande wa mashariki wa Pare Kusini hukusanya unyevu wa Bahari ya Hindi karibu mwaka mzima. Ongeza kwamba kituo cha anga, kwa jinsi njia yake ilivyolala, hupita mara nyingi zaidi juu ya nchi zilizo karibu na nyuzi 50 kaskazini na kusini kuliko juu yetu tulio karibu na ikweta. Kwa hiyo msitu wetu mgumu kupimwa ndio pia unaopata mapigo machache.

Kuna la uamuzi pia. Machi 2023 GEDI iliondolewa mahali pake kwa mkono wa roboti na kuwekwa akiba, ili nafasi yake ichukuliwe na chombo cha wizara ya ulinzi ya Marekani. Ilirudishwa Aprili 2024. Zaidi ya mwaka mmoja hakuna duara hata moja lililotua Chome. Watafiti walipigania chombo kisitupwe, na nafasi ikapatikana, lakini walioamua walikaa Marekani. Hakuna kijiji cha Pare wala ofisi ya Dodoma iliyokuwa na kiti kwenye meza hiyo.

Chombo kingine cha aina hii, ECOSTRESS, hupima joto la mimea na ardhi na kutoka humo hukadiria kiasi cha maji mimea inachopumua. Kinafaa kwa mashamba makubwa ya mpunga kama ya Ndungu. Kwa tangawizi ya Mamba Myamba hakitoshi, maana kipande kimoja cha picha yake ni kama mita 70 kwa 70, zaidi ya ekari moja, na mashamba mengi ya mlimani hayafiki hapo.

Tujenge antena, au tufundishe watu?

Majirani wamejaribu njia zao. Malindi kuna kituo cha Waitaliano ambako, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini, setilaiti zilirushwa kati ya mwaka 1967 na 1988, mojawapo ikiwa Uhuru, iliyorushwa Desemba 12, 1970 na kuitwa hivyo kwa heshima ya siku ya uhuru wa Kenya. Antena za Malindi bado zinapokea data za setilaiti za sayansi, na Wachina nao waliwahi kuweka huko kituo cha kufuatilia vyombo vyao vyenye watu. Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilitolewa angani kutoka Kibo. Rwanda ikafuata mwaka 2019, na Desemba 2022 ikawa zamu ya Uganda. Kenya, Uganda na Misri zimeshirikiana kubuni kamera ya hali ya hewa ya kufungwa nje ya maabara ya Ulaya.

Kutokana na mifano hiyo imezuka hoja kwamba Tanzania nayo ianze na antena na setilaiti yake. Ina nguvu mbili. Uhuru wa kuamua chombo kielekee wapi haupatikani kwa kuomba, na kisa cha GEDI kinathibitisha. Tena vijana wanaojenga setilaiti ndogo hujifunza kazi yote, kuanzia kutia risasi ya kuungia nyaya hadi kuandika amri, jambo ambalo darasa haliwapi.

Lakini nusu karne ya Malindi inatuonya. Nchi inaweza kuwa na antena kwenye ardhi yake miaka yote hiyo na bado data zikapita juu ya vichwa vya watu wake. Kenya ilihitaji mkataba mpya na Italia, uliotiwa saini mwaka 2016, ili kudai mgao bora wa mafunzo na faida. Tunguu ilikuwa hivyohivyo: mitambo ilikuwa Unguja, na matokeo yakaenda Marekani. Siku hizi isitoshe, antena inakodishwa kwa dakika, hata Cape Town. Data za GEDI na ECOSTRESS ni za bure kwa yeyote mwenye intaneti. Kinachokosekana Same si njia ya kuzipokea.

Kinachokosekana ni kipimo cha chini cha kuzisahihisha. Hapa Tanzania haianzi mikono mitupu. Kati ya mwaka 2009 na 2014 hivi, tathmini ya taifa ya misitu iitwayo NAFORMA ilipima viwanja zaidi ya 30,000 nchi nzima, kwa kamba, rula za kipenyo na vifaa vya kupimia urefu. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kina wataalamu waliokwisha kulinganisha vipimo vya miguu na vya leza ya ndege katika msitu wa Amani, na chuoni hapo Morogoro ndipo kilipo kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni. Kiwanja kikubwa cha NAFORMA ni duara la mita 15 kutoka katikati, ukubwa usiotofautiana sana na duara la GEDI. Tatizo ni kwamba viwanja hivyo havikupangwa kufuata mahali mapigo yanapotua, na vilipimwa kabla chombo hakijarushwa.

Kwa mizani yangu, basi, antena isubiri. Fedha ya kwanza iende kwenye viwanja vipya ndani ya Chome, vilivyowekwa juu ya mapigo yaleyale ya GEDI, kwenye miteremko mikali na kwenye tambarare, kwenye mkulo mkubwa na kwenye vichaka vilivyoota baada ya moto. Wapime maofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) pamoja na vijana wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, wenye vifaa vya kuonyesha mahali kwa usahihi wa chini ya mita mbili tatu, si simu za mkononi. Gharama yake ni posho, mafuta ya gari na mafunzo. Matokeo yake ni kwamba siku mnunuzi wa kaboni atakapofika Same na ramani aliyoichora mbali, mezani patakuwa na kipimo cha pili chenye mwenyewe, na kosa la mteremko litakuwa na namba inayojulikana badala ya kubishaniwa.

Pingamizi lipo, nalo ni zito: kwa nini tuhangaike kusahihisha chombo ambacho si chetu na ambacho hakina maisha marefu? NASA imepanga kukiendesha kituo hadi mwaka 2030, na Juni 2024 iliipa kampuni ya SpaceX mkataba wa kujenga chombo cha kukishusha baharini. Ni kweli. Lakini kiwanja kilichopimwa vizuri hakishuki baharini pamoja na kituo. Kitatumika kusahihisha leza au rada yoyote itakayofuata, iwe ya Wazungu, ya Wachina, au, Mungu akipenda, ya Watanzania wenyewe. Na hapo ndipo antena yetu itakapokuwa na maana, kwa sababu atakayekaa mbele ya skrini atajua kuuliza swali lake mwenyewe.

Kazi yenyewe haisubiri mwaka 2030. Mapigo ya GEDI yaliyotua Chome tangu Aprili 2019 yamekwisha hifadhiwa, na mahali pake panajulikana, lakini msitu unakua na unakatwa. Kila msimu unaopita kati ya pigo na kamba ya kupimia hupunguza thamani ya ulinganisho. Kwa Pare, kipindi cha kufanya hivyo kila mwaka ni kiangazi cha Julai hadi Septemba, kabla mvua za vuli hazijafunga njia za Shengena.